Shimo la Tatu

Pale kwenye bohari ya mafuta ya mji wa bandari wa Toamasina, nyuma ya tangi la mwisho, palikuwa na mashimo mawili ya kumwagia tope. La kwanza lilijaa zamani, likafukiwa, na mpaka leo juu yake haioti hata nyasi ya kumdanganyia mbuzi. La pili nalo lilikuwa njiani. Kwenye ukuta wake wa saruji mtu alipaka mstari mwekundu, na neno la wakubwa lilikuwa moja: tope likigusa mstari, linachimbwa la tatu.

Na hilo la tatu lilishapimiwa mahali. Nje tu ya ua wa waya kuna kipande cha ardhi ambacho karatasi zinasema ni cha bohari. Karatasi husema mengi. Wanawake wa mtaa walikuwa wakilima mboga pale kabla wengi wa wafanyakazi wa bohari hawajazaliwa. Wapimaji walikuja siku ya mvua, wakapigilia kigingi chenye kitambaa chekundu katikati kabisa ya matuta ya Bi Kalovavy, wakakanyaga mchicha wake wakienda, wakaukanyaga wakirudi, wakaondoka bila kuaga.

Sasa Bi Kalovavy alikuwa na binti mmoja, Zafisoa, na Zafisoa huyo huyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kupunguza taka za bohari nzima. Hakuiomba. Miaka yote alikuwa kwenye chumba cha kupimia mafuta, na chupa zake na pua yake, pua ambayo ilikuwa inajua dizeli iliyoingia maji kabla chombo hakijasema. Makao makuu walipoagiza kila bohari iwe na mpango wa kupunguza taka na mtu wa kuuendesha, wanaume wenye meza waligeuka kutazama dirishani wakasubiri upepo upite. Zafisoa hakutazama dirishani. Mpango ukamwangukia yeye.

Meneja alikuwa Bwana Andriamasy, mtu wa nyanda za juu, ambaye joto la pwani halikumzoea na yeye hakulizoea. Alimwita Zafisoa huku anajipangusa shingo.

"Bi Zafisoa, wakubwa watakuja msimu wa lichi. Siku hiyo tope likiwa chini ya mstari, nitawaambia shimo la pili linatutosha. Likiwa juu, mimi sina mdomo."

"Na mboga za watu?"

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi zaidi. Bi Kalovavy alikuwa ameketi kizingitini anachambua mboga, na hakuinua kichwa.

"Nimekuzaa, nimekusomesha, nimekuombea kazi ya heshima. Kumbe kazi yenyewe ni kuja kunifukia kwa tope."

"Si mimi ninayechimba, mama."

"Ni nani, basi? Si umevaa kofia yao?"

Zafisoa alishika kichwa. Kweli, alikuwa amesahau kuivua ile kofia ngumu ya kazini.

"Hiyo haiingii kwangu," mama yake alisema. "Mpaka kigingi kile kiishe maneno yake."

Tangu siku hiyo kofia ililala nje, kwenye msumari wa ukutani, mdomo juu. Mvua ya Toamasina haina likizo, kwa hiyo kila asubuhi Zafisoa alikuta kofia imejaa maji na kuku wa mama yake wameruka juu ya gogo wanakunywa humo kwa raha zao. Alimwaga, akafuta, akavaa, akaenda kazini na kichwa cha baridi.

Wasafisha matangi walikuwa na kiongozi wao, Lezoma, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kupita juu ya pampu. Ukoo wake na ukoo wa Zafisoa ni watani tangu mababu. Na utani kule si mzaha wa sokoni. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, akamchukua kuku wako njiani ukimwona, na wewe ukinuna ndiye mwenye kosa. Ndiyo maana Zafisoa alianza na Lezoma. Wengine wote wangeitikia ndiyo dada, ndiyo dada, kisha waendelee na yao. Mtani hukujibu.

Alimkuta mchana, wakati wa chakula. Mpishi alikuwa amemaliza kupakua wali, na kama ilivyo desturi, aliacha ukoko chini ya sufuria, akamwagia maji, akachemsha. Watu walikuwa wameshika vikombe wanasubiri. Huko kwetu wali bila maji ya ukoko ni kama salamu bila jibu.

"Lezoma," Zafisoa alisema, "hayo maji unayokunywa yametoka wapi?"

"Kwenye sufuria, mtani. Kwani ukoo wenu mnachota mtaroni?"

Watu walicheka. Zafisoa alingoja wamalize.

"Kwa nini mpishi hakukwangua ukoko akautupa, akaosha sufuria kwa maji mapya, kisha akachemsha mengine mapya ya kunywa?"

"Kwa sababu mpishi ana akili."

"Na jana, lile tangi la karibu na lango, umeliosha kwa maji mapya mara ngapi?"

Lezoma alimeza polepole. "Ukoo wetu tunapenda usafi."

"Ukoo wenu mnatupa ukoko na sufuria yake. Maji ya suuza ya mwisho si karibu safi? Mbona yasiwe ya kuanzia tangi linalofuata?"

"Mtani," alisema Lezoma, "umeniharibia kikombe changu. Sasa kila nikinywa nitaona tangi."

Lakini kesho yake maji ya suuza hayakumwagwa. Yalipelekwa kuanzia kazi tangi la pili, na Lezoma mwenyewe ndiye aliyeshika mpira wa maji.

Hivyo ndivyo Zafisoa alivyoendesha mpango wake, kwa kero na kwa kurudia. Chupa za mafuta ya kupimia, ambazo kila siku zilikuwa zinamwagwa shimoni zikishapimwa, alizirudisha kwenye tangi la marejeo, lile la mafuta ya kutumika tena. Matambara ya kufutia mikono yalikamuliwa, yakafuliwa, yakaanikwa mpaka ua wa bohari ukafanana na nyumba yenye mapacha. Na ile koki ya chini ya tangi, ya kutolea maji yaliyotulia, aliisimamia kama mama mkwe. Vijana walizoea kuifungua yote ili wamalize haraka, na ukiifungua yote maji hutoka kwa vurugu na mafuta hufuata nyuma, kama watoto wanavyofuata ngoma. Zafisoa aliwafundisha kuifungua kidogo na kusubiri.

"Huyu dada," mmoja alinong'ona, "mwisho atatupimia hata tukienda kujisaidia."

"Nikiona unapoteza," Zafisoa alimjibu bila kugeuka, "nitakupimia."

Baridi ilikuja, mvua nyembamba zikakaa, na shimoni tope likasimama. Kwanza lilipanda kidogo tu, kisha likawa kana kwamba limechoka kupanda. Bwana Andriamasy alikuwa anakwenda kulitazama kila juma, akirudi anatabasamu. Zafisoa naye alitembea pale bohari kidevu juu. Na kwa nini asitembee hivyo? Mtu akifanya kazi ikaonekana, kidevu ni chake.

"Halijapanda hata unene wa kidole, mama," alisema nyumbani.

"Nimesikia," alisema Bi Kalovavy. "Kigingi bado kipo."

Msimu wa lichi ukafika. Lichi ni ndugu yake shokishoki, ganda jekundu la kukwaruza na nyama nyeupe yenye maji, na zikiiva mji mzima unatembea na vidole vinavyonata. Zilikuwa zimebaki siku mbili wageni wa makao makuu waje. Lezoma na wenzake walileta makapu kutoka mashambani, na Zafisoa alipouliza ziko wapi, mtu alinyoosha kidole ovyo kuelekea kibanda cha pampu ya zamani, kile cha bati kisichotumika, halafu akaonekana anatamani kuurudisha mkono wake.

Zafisoa alikwenda mwenyewe. Alisukuma mlango. Makapu yalikuwa hapo kwenye mkeka. Alimenya moja akatia mdomoni, na macho yalipozoea giza akaona nyuma ya makapu kuna kitu kikubwa kimefunikwa majani ya mvinje na magunia. Akafunua pembe.

Yalikuwa mapipa. Yamesimama wima, yamebanana, safu hadi ukutani. Hakuhitaji kufungua. Pua yake ilishamwambia.

Alisimama pale na kokwa ya lichi shavuni mpaka Lezoma alipokuja mbio kutoka juu ya tangi na kupunguza mwendo mlangoni.

"Mtani," alisema Zafisoa, "hii ni nini?"

"Lichi."

"Nyuma ya lichi."

Lezoma alitazama nyuma ya lichi kana kwamba naye ndiyo mara ya kwanza. "Mapipa."

"Yana nini?"

"Kula lichi kwanza, mtani. Hizi tamu."

"Lezoma."

Basi Lezoma alikaa juu ya kizingiti, akavua kofia, akaiweka magotini. "Lile tangi kubwa tulilofungua wakati wa baridi," alisema, "lilikuwa chafu kuliko tulivyodhani. Chini mlikuwa na uchafu wa miaka. Na wewe ulikuwa umeshamwambia meneja kuwa tope halitapanda. Tungemwaga, ungeonekana mwongo. Mimi kukutukana ni haki yangu, nimerithi. Lakini mtu wa juu akutukane mimi nikiwa nimesimama pale, halafu jioni niende nikale wali?"

"Kwa hiyo mkanificha taka zangu mwenyewe."

"Tumekusitiri."

"Miezi yote hii natembea kidevu juu."

"Ulikuwa unapendeza," alisema Lezoma, na kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba anasema kweli.

Hayo ndiyo makosa ya watu wa kwetu. Hawakuibii, hawakusengenyi kwa mgeni. Watakuheshimu mpaka wakuangamize.

Zafisoa alitema kokwa mkononi. Mbele yake palikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Angefunga mlango, na komeo lilikuwapo. Au angeamuru mapipa yamwagwe shimoni, tope lipite mstari kabla ya jua kuzama, na keshokutwa wageni waone, na baada ya hapo jembe la mitambo liingie kwenye mboga za mama yake. Aliwaza kile kigingi. Akawaza kofia yake msumarini imejaa maji.

"Nileteeni mrija wa kioo," alisema.

"Wa nini?"

"Kama nimekalia uongo, acha nijue kina chake."

Mrija wa kioo ni kitu chepesi. Unauzamisha mpaka chini ya pipa, unaziba juu kwa kidole gumba, unautoa, na kila kilichomo unakiona kilivyopangana. Zafisoa alifungua pipa la kwanza, akazamisha, akaziba, akainua, akaupeleka mlangoni penye mwanga.

Alifungua la pili. Akaenda mpaka la ukutani kabisa, anajipenyeza kwa ubavu, na Lezoma anamfuata anashika magunia.

Juu, karibu nusu ya mrija, palikuwa na dizeli safi, inang'aa kama asali. Chini yake maji. Na chini kabisa, tope, kipande kifupi kama kucha.

"Nani aliyapanga hivi?"

"Sisi. Wima, tukafunika, tukakatazana kuyagusa. Hata kuegemea marufuku."

"Kwa nini?"

"Yangegongana, meneja angesikia."

Zafisoa akaanza kucheka, polepole kwanza, kisha akalazimika kushika pipa. Maana aliyaelewa yote kwa mara moja. Siku zote za bohari ile, taka za tangi zilitiwa kwenye mapipa na siku hiyo hiyo mapipa yakalazwa, yakaviringishwa uani mpaka shimoni. Yalipofika huko kila kitu kilikuwa kimekorogeka, mafuta na maji na udongo, mchuzi mmoja, na mchuzi wote ukaitwa tope. Hakuna aliyewahi kuyaacha yatulie. Hapa hofu ndiyo iliyoyatuliza, chini ya bati la moto, mwezi baada ya mwezi.

"Mtani amepagawa," alisema Lezoma.

"Leteni pampu ya mkono. Na mwenye haraka abaki nje."

Walifanya kazi siku nzima iliyofuata, taratibu, bila kulitikisa pipa. Mafuta ya juu yalirudi kwenye tangi la marejeo. Maji yakaenda kwenye birika la kuchujia. Tope lililobaki walilikwangua na kulipeleka shimoni mchana kweupe, lote, na lilipokwisha kumwagwa palikuwa bado pamebaki kiganja kimoja cha mkono chini ya mstari mwekundu. Pipa moja Zafisoa alikataza lisiguswe.

"Basi imekwisha," Lezoma alisema, anajifuta. "Tope liko chini, mapipa yako matupu. Hakuna cha kusema."

"Nitasema."

"Kwa nini, mtani? Mboga za mama yako zimepona."

"Zimepona kwa kubahatisha. Nikinyamaza, mwakani mtanisitiri tena."

Alimwendea Bwana Andriamasy akamwambia yote. Bwana Andriamasy alijipangusa shingo, akajipangusa mikono, akatafuta sehemu nyingine ya kujipangusa asiione.

"Hili, Bi Zafisoa, ungeweza kuniambia wageni wakishaondoka."

"Ningeweza."

"Na wakiuliza?"

"Waniulize mimi."

Wageni walikuja na mvua. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa mabuti ya kuazima, na hakuwa mtu wa maneno. Aliinama ukingoni mwa shimo, akatazama mstari kwa muda mrefu.

"Wakati wa baridi mlisafisha tangi kubwa," alisema. "Tope lake lilikwenda wapi?"

Bwana Andriamasy alitazama mvua. Hapo Lezoma akajitokeza mbele, akavua kofia, akaanza hotuba ya adabu, ile ya kuzunguka. Akaomba radhi kwa wakubwa kwa kuwa yeye ni mdogo, akaomba radhi kwa wadogo kwa kuwa ametangulia, akaiomba radhi ardhi anayoikanyaga. Alipofika kuiomba radhi mvua, Zafisoa alimshika mkono.

"Tulilificha," alisema.

Alisema tulilificha. Hakusema walilificha, na kila msafisha tangi aliyekuwa pale alilisikia neno hilo.

Akampeleka mgeni kwenye kibanda, akamwonyesha lile pipa moja lililobaki, akampa mrija. Mgeni alizamisha mwenyewe, akaziba kwa kidole, akainua, dizeli ikamchuruzika mpaka kwenye mkono wa shati. Hakujali. Aliutazama mrija kwenye mwanga, kisha akamtazama Zafisoa.

"Na miaka yote mlikuwa mnamwaga hii shimoni?"

"Hii hatujawahi kuiona. Tulikuwa tunamwaga mchuzi."

Mgeni alizamisha tena, kama mtu anayetaka kumkamata mwongo. Ikatoka vilevile.

"Kwa kuficha," alisema mwishowe, "kila aliyehusika atapewa barua ya onyo. Wewe wa kwanza."

"Sawa."

"Kibanda hiki kitiwe sakafu na bati jipya. Mapipa yote yapite hapa kwanza, yatulie." Alimrudishia mrija. "Shimo jingine silioni kazi yake."

Kwenye chakula cha mchana, wakiwa na vikombe vyao vya maji ya ukoko, Lezoma alikuwa anawaambia wenzake kwamba barua yake itakuwa ndefu kuliko ya mtani, kwa sababu ukoo wake ndio uliofikiria kuficha, na ukoo wa Zafisoa ulikuja baadaye kula lichi tu. Zafisoa alimwambia kwamba ukoo uliofuga ujinga wima mpaka ukageuka akili unastahili kweli barua ndefu. Alipata kicheko kikubwa, na Lezoma akakubali kwamba siku hiyo amepigwa.

Jioni mvua ilikuwa haijakatika. Zafisoa alipitia shambani kwanza. Mama yake alikuwa kati ya matuta, jani la mgomba kichwani.

"Shimo halichimbwi tena, mama."

Bi Kalovavy hakusimama. "Na kigingi?"

"Nitawaambia waje wakitoe."

"Wasikiguse."

Zafisoa akatazama. Kigingi kilikuwa kimevikwa maharage kutoka chini mpaka juu, mizunguko kwa mizunguko, yameshaanza kutoa maua, na kile kitambaa chekundu kilikuwa kimechanwa vipande vya kufungia mashina. Hilo halikuwa jambo la siku moja. Mwanamke huyo alipanda maharage yale wakati ule ule alipokuwa anagomba.

Walirudi nyumbani pamoja. Mlangoni Zafisoa alivua kofia, kwa mazoea, akaipeleka kwenye msumari. Mama yake aliichukua mkononi mwake, akaikung'uta maji, akaipangusa kwa pembe ya kitambaa chake.

"Ingia nayo," alisema. "Inanyesha."